Wosia wa Mzazi kwa Mwana Anayejiuliza

Fasihi yetu ina desturi ya zamani ya mzazi kumwandikia mwanawe wosia. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi mnamo mwaka 1858, wakati ambapo alikuwa mgonjwa na akihofu kwamba hatakuwapo kumfunza mtoto kwa kinywa chake mwenyewe. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe, ila yeye alitunga tenzi mbili: Adili kwa mwana wa kiume, na Hati kwa binti. Walimu wengi wamezifundisha tenzi hizo, na wanafunzi wengi wamezikariri, bila kusita mbele ya jambo moja lililo wazi mno hata halionekani. Jambo lenyewe ni kwamba mzazi, kabla hajaandika ubeti wa kwanza, alikuwa amekwisha kujua ni utenzi upi unaomfaa mtoto yupi.

Katika insha hii tunakusudia kumfikiria mzazi ambaye hajui. Mwanawe ni mtu mzima, aliyekwisha kupita miaka 20, lakini aishiye bado chini ya paa la wazazi kwa kuwa ana usonji. Mwana huyo ameanza kujiuliza, kwa maneno machache yenye uzito mkubwa, kama kweli yeye ni wa jinsia ile ambayo watu wote wamemhesabia tangu alipozaliwa. Je, wajibu wa mzazi ni upi? Amjibu mwanawe swali hilo? Amkataze kuliuliza? Na je, usonji wa mwana unampa mzazi haki ya kulijibu kwa niaba yake, haki ambayo asingekuwa nayo kwa mwana mwingine wa umri huo huo?

Yumkini msomaji atauliza jambo kama hili linatafuta nini katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Tunadhani ndipo mahali pake. Utamaduni si ngoma na mavazi peke yake. Ni namna watu wanavyowatendea walio wao, na hasa wale walio wao ambao hawakutoka katika kalibu iliyozoeleka.

Kwanza tuseme usonji ni nini, maana watu wengi bado hulisikia neno hili wakadhani ni wazimu. Si wazimu, wala si maradhi ya kuambukiza, wala si malipo ya mwiko uliovunjwa. Ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuzeeka nayo. Daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika habari za watoto waliokaribiana na hao. Wenye usonji hawafanani. Mmoja hasemi kabisa, na mwingine husema kama kitabu kilichofunguliwa. Walio wengi hupata taabu kuyasoma yale yasiyotamkwa, yaani jicho, kejeli na fumbo. Huyachukua maneno kama yalivyo. Hupenda utaratibu usiobadilika. Na masikio, pua au ngozi zao huweza kuumizwa na vitu ambavyo sisi hatuvihisi. Fikirini, wanafunzi, taabu ya mtu wa namna hiyo katika lugha yetu hii, ambamo mzee akitaka kukufukuza hukuuliza kwa upole kama nyumbani kwenu leo hakuna kazi!

Sasa tuliweke swali letu mahali, kwa sababu swali la utu likielea hewani huwa jepesi kuliko lilivyo. Goziba ni kisiwa cha Ziwa Viktoria katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Kufika huko ni safari ya maji. Watu wake ni wavuvi wa dagaa na sangara pamoja na wachuuzi wanaowafuata wavuvi. Wametoka Buhaya, Ukerewe, Usukuma, Mara na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Nafasi ni ndogo na nyumba zimekaribiana, hata kikohozi cha jirani hukifahamu kama chako. Dagaa huvuliwa usiku wa giza la mwezi kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Asubuhi mitumbwi hurudi mwaloni, na kazi hugawanyika papo hapo: wanaume hushusha na kutengeneza nyavu, wanawake hupokea, huanika, hugeuza na kuuza. Katika mialo mingi ya ziwa hili wapo waaminio hata leo kwamba mwanamke akipanda mtumbwini samaki watakimbia.

Tuseme basi, na hii ni dhana yetu wala hatumsimulii mtu fulani, kwamba yupo kisiwani hapo mzee mwenye mtumbwi wake, na mkewe muuza dagaa, na mwana wao wa miaka 24. Shuleni mwana alifika darasa la nne, akashindwa na kelele wala si hesabu. Hatazami watu machoni. Anajua kwa kichwa mwezi utaandama lini mwaka mzima ujao, na wavuvi humwendea kumwuliza, kisha humcheka akiisha kuwajibu. Usiku wa giza hukaa juu ya jiwe akihesabu taa ziwani, na zikipungua alfajiri humwamsha baba yake. Sauti ya jenereta humfanya azibe masikio. Mama yake amemzoea kama mtu azoeavyo njia yenye mawe. Sasa asubuhi moja, mama akigeuza dagaa, mwana anasema: "Mama, nadhani mimi nilihesabiwa upande usio wangu."

Mama anajibu: "Nani amekufundisha maneno hayo?"

Hatumlaumu mama kwa jibu hilo, maana wazazi wengi wangelitoa lilo hilo. Lakini yafaa tulitazame, kwa kuwa limebeba hukumu mbili zilizofichana. Ya kwanza ni kwamba maneno ni mabaya. Ya pili, ambayo mama mwenyewe hakuikusudia, ni kwamba mwana huyu hawezi kuwa na wazo lililo lake: akisema jambo jipya, basi kuna mtu amelitia kinywani mwake. Mwana akimwambia baba kuwa mitumbwi miwili haijarudi, hakuna anayeuliza ni nani aliyemfundisha. Husadikiwa kuhusu ziwa lote. Hasadikiwi kuhusu nafsi yake.

Na ajabu ni kwamba wataalamu waliipa hali hii, katika lugha za Ulaya, jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, wakimwona mtu aliyezama ndani ya nafsi yake mwenyewe. Iweje basi tumwambie mtu wa namna hiyo kwamba mahali pale pale tulipomwona amezama hapajui?

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba tumefika hapa bila kusema kama mwana huyu alizaliwa wa kike au wa kiume. Hatukufanya hila. Kiswahili chenyewe kimeturuhusu, maana husema "yeye", husema "anahesabu", "anasema", "analala", na hakiulizi. Kihaya nacho hakiulizi. Lugha zetu humwita mtu kwanza mtu, na hayo mengine huyatafuta baadaye yakihitajika. Kadhalika Wahaya humwita dada wa baba ishenkazi, yaani baba wa kike, naye huheshimiwa kwa ubaba huo. Na katika lugha nyingi za Kibantu kaka wa mama ni mama wa kiume. Ng'ambo ya pili ya ziwa, miongoni mwa Wakuria wa Mara, mwanamke asiye na mwana wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa mahari, watoto wakaitwa wa nyumba yake.

Hapa pana mtego ambao waandishi wa mambo ya utamaduni huuangukia mara kwa mara, nasi hatupendi kuuangukia. Mambo hayo hayathibitishi kwamba wazee wetu walilijua swali la mwana wetu na kulijibu. Hakuna aliyetilia shaka kwamba ishenkazi ni mwanamke. Ndoa ya Wakuria ilitengenezwa kwa ajili ya ukoo na mali, wala haikuuliza mtu anajionaje moyoni. Tunachoweza kusema kwa haki ni kidogo, nacho kinatosha: wazee walikuwa na uwezo wa kutenganisha umbo la mtu na nafasi yake walipoona kuna haja. Asemaye kwamba jadi zetu haziwezi hata kulisikia swali hili amezisahau. Naye asemaye kwamba zilikwisha kulijibu amezitungia.

Turudi kwa mama na dagaa zake. Maneno ya mwana yaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Yawezekana anazungumzia kazi. Ameona kwa miaka 24 kwamba hawa huingia mtumbwini na hawa hubaki mwaloni, na kwake kanuni ni kanuni. Basi kama moyo wake unapenda upande wa pili, ameamua kwa mantiki iliyonyooka kwamba amehesabiwa vibaya. Mtu asiye na usonji angesema tu kwamba anaitamani kazi ile. Yawezekana anazungumzia ngozi: nguo aliyolazimishwa kuivaa humkwaruza kutwa, nywele zimekatwa au kusukwa kwa namna isiyomstarehesha, na hajapata neno jingine la kuyataja mateso hayo. Na yawezekana pia, jambo ambalo mzazi hana ruhusa ya kulifuta kwa sababu tu linamtisha, kwamba anasema hasa alichosema.

Mzazi hana kipimo cha kuzibainisha maana hizi kwa siku moja. Anachoweza ni kuuliza maswali madogo, yenye majibu, na kuyauliza kwa muda mrefu. Walimu mnaifahamu njia hii. Mwenye usonji ukimwuliza, "Wewe una nini lakini?" umemwuliza swali lisilo na mlango. Mwulize ni kitu gani kikiondolewa atapata raha. Mwulize alianza kufikiri hivyo mwaka gani, maana miaka anaijua. Mwulize kama angepewa kasia leo bila kubadilishwa kitu kingine chochote, je, swali lingekwisha? Mwache ajibu kesho au kesho kutwa; jibu lake likichelewa si kwamba halipo.

Habari za wataalamu zaweza kumsaidia mzazi kwa kiasi. Mwaka 2010 madaktari wa Amsterdam walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana waliopelekwa kliniki kwa ajili ya swali la jinsia, wakaonyesha kuwa asilimia 7.8 kati yao walikuwa na usonji, kiasi kilichozidi sana kile cha watu kwa jumla. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa habari za watu zaidi ya 600,000. Kwa mujibu wao, watu wasiojitambua kwa jinsia waliyohesabiwa walipozaliwa walikuwa na usonji mara tatu hadi sita kuliko wengine. Sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wa Uingereza, si wa visiwa vya Muleba. Wala takwimu hizo hazisemi kwamba jambo moja huzaa jingine. Wapo wanaodhani kuwa mwenye usonji hafungwi sana na matarajio ya watu, kwa hiyo husema yale ambayo wengine huyameza. Wapo wenye fikira nyingine, na jibu moja lililokubaliwa na wote halijapatikana. Lakini mzazi wa Goziba anajifunza jambo moja lililo kubwa kwake usiku ule asipopata usingizi, nalo ni kwamba hayuko peke yake duniani.

Aidha, Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeliondoa suala hili katika sura ya maradhi ya akili. Mabishano yanayoendelea Ulaya na Marekani kuhusu dawa na upasuaji, hasa kwa walio chini ya miaka 18, hatutayaingilia. Mwana wetu si mtoto, wala hakuomba dawa. Aliomba kusikilizwa.

Kuna watu wa aina mbili watakaomjia mzazi na ushauri. Wa kwanza atasema: "Huo ni usonji tu, upuuze." Wa pili, ambaye huenda ni kijana aliyesoma mjini, atasema: "Amekwisha kusema, basi yamekwisha, mbadilishieni kila kitu leo." Watu hawa hudhani wanapingana, lakini sisi tunawaona ni ndugu. Wote wawili wamechoka na swali na wanataka liondoke nyumbani. Mmoja anasahau kwamba mwenye usonji naye ni mtu mzima mwenye nafsi. Mwingine anasahau kwamba anayejiuliza bado anajiuliza, na kumpa jibu lisilo lake ni kumnyang'anya swali lake. Mwana alisema "nadhani". Neno hilo mtu kama yeye halitumii ovyo.

Hata hivyo hatusemi kwamba makosa hayo mawili yana uzito ulio sawa kisiwani Goziba. Wa pili ni nadra huko. Wa kwanza yuko kila mlango.

Ama kuhusu haki ya mwana, sheria za nchi hazikunyamaza. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 12, inatamka usawa wa binadamu wote na heshima ya utu wa kila mmoja. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao hautaki ulemavu uwe sababu ya kumwondolea mtu mzima nafasi yake ya kujiamulia. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Mantiki yake ni kwamba mtu akihitaji msaada ili aamue, apewe msaada, asipokonywe uamuzi. Tunajua kwamba kati ya maandiko hayo na mwalo wenye matope pana umbali.

Lazima tuseme pia juu ya mama, kwa sababu yeye ndiye atakayebebeshwa mzigo. Jirani watanong'ona kwamba alikula kisichoruhusiwa alipokuwa mja mzito, au kwamba mtoto alirogwa kwa sababu ya dagaa wake kuuzika. Msomaji aliyesoma asicheke haraka. Huko Marekani, Bruno Bettelheim, mtu wa vyuo na vitabu, alichapisha mwaka 1967 kitabu kilichowafanya watu wengi waamini kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, na akina mama wasio na idadi walilia kwa ajili ya kosa wasilolifanya. Aliyekuwa amekwisha kuibomoa hoja hiyo, mwaka 1964, ni Bernard Rimland, naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Kumlaumu mama, basi, si ushamba wa kisiwani. Ni jambo ambalo wanadamu hulikimbilia popote waliposhindwa kuelewa. Na mwana akianza kuuliza juu ya jinsia yake, lawama ile ya kwanza huamshwa usingizini: kumbe mama hakumlea mtoto vibaya mara moja, alimlea vibaya mara mbili!

Baba naye ana mtihani wake. Wenzake mwaloni watamshauri amtie mwana adabu. Wengine watasema afungwe kamba, au apelekwe kwa mganga ng'ambo. Wasomaji wa Shaaban Robert mnamkumbuka Adili, aliyewapiga kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, kwa sababu aliamriwa, na huku moyo ukimwuma. Wazazi wa namna hiyo wapo wengi. Wanapiga na wanalia. Twawahurumia, lakini hatuoni kwamba machozi ya mpigaji yanapunguza chochote katika maumivu ya mpigwaji, hasa yule asiyeweza kuyasoma machozi hayo na ambaye ataikumbuka fimbo peke yake.

Sasa tumefika kwenye fundo lililo gumu kuliko yote, nasi tutakaa hapo kidogo. Mwenye usonji, kwa kawaida, hana ustadi wa kuficha. Alilomwambia mama asubuhi anaweza kumwambia muuza mafuta mchana, kwa sauti ile ile. Na mazungumzo ya namna hii hayajapata nafasi katika jamii yetu. Mwenye kuyasema hadharani aweza kudhihakiwa, kufukuzwa, hata kupigwa. Kisiwani hakuna mtaa wa pili wa kuhamia. Je, mzazi amfundishe mwanawe kunyamaza? Akimfundisha, anamwambia mtu ambaye hajapata kusema uongo kwamba kuna kweli isiyosemwa, na yeye atauliza kwa nini. Akimwambia kwamba ni kwa sababu ni aibu, amemtia sumu. Asipomfundisha kitu, amemwacha aende mwaloni bila ngozi.

Katika lugha yetu tuna neno linaloweza kumsaidia mzazi, nalo ni sitara. Sitara si uongo. Mtu huoga ndani ya ua, wala hatusemi kwamba anauficha mwili wake kwa kuwa ni mwovu. Husitiriwa kwa kuwa ni wake. Mama anaweza kumwambia mwanawe: "Hayo uliyoniambia ni yako, kama mwili ulivyo wako. Kuna watu wa ndani ya ua, nao ni mimi, na baba yako, na dada yako. Wengine wako nje ya ua." Mwenye usonji hupenda mpaka uliochorwa, na mpaka huo atauelewa. Tofauti na aibu ni kubwa: aibu humwambia mtu asiwe, sitara humwambia ni kwa nani na ni lini.

Lakini tusijidanganye kwamba neno jema limefungua fundo lote. Sitara inayomlinda mwana leo ndiyo inayowaacha jirani katika ujinga wao kesho, na mtu akikaa ndani ya ua miaka 50 kwa usalama wake, ua huo hugeuka kifungo hata kama kilijengwa kwa mapenzi. Ni haki gani tunayo ya kumtaka mnyonge kuliko wote kisiwani ndiye awe wa kwanza kuvunja ua? Na kama si yeye, ni nani? Sisi tunadhani ni mzazi anayepaswa kutoka nje kwanza, si kwa kutangaza siri ya mwanawe, bali kwa kukataa kucheka pale wengine wanapomcheka mtu wa namna yake. Baba akikaa kimya katika kicheko kile mwaloni, mwana aliye juu ya jiwe, asiyejua kusoma nyuso, anajua kuhesabu sauti zilizocheka.

Damian Milton, mwanachuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wengine ni kwa pande mbili: wao hawatusomi, nasi hatuwasomi, ila lawama huangukia upande mmoja tu. Tunaona ukweli huo wazi pale mzazi anaposema, "Mwanangu haelewi analosema," akimaanisha, "Mimi sielewi anachosema."

Limebaki jambo la wosia, tulipoanzia. Kila mzazi wa mwana kama huyu huwaza usiku nani atamwangalia baada yake. Wosia wake hauwezi kuwa wa mawaidha, maana mwana hahitaji beti za kumfunza adabu. Wanaouhitaji ni ndugu watakaobaki. Waandikiwe kwamba hali dagaa waliokaangwa jana. Kwamba akiziba masikio asishikwe mkono. Kwamba taa zikipungua alfajiri asikilizwe. Waandikiwe ni nguo zipi anazozistahimili na ni nani walio ndani ya ua. Na waandikiwe jina.

Hapo kalamu hukwama. Majina ya Kihaya mengi hujitangaza jinsia, na lenye Koku- mwanzoni ni nadra kumsikia mwanamume akiitwa nalo; majina ya dini nayo ni hivyo hivyo. Nchini Kenya swali la jina lilifika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2014 iliamuru Baraza la Mitihani la nchi hiyo limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hatuitaji kesi hiyo kama kanuni kwa nchi yetu, bali tunawakumbusha walimu, ambao ndio waandikao majina katika madaftari, kwamba kiandikwacho kwa wino wa dakika moja huweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Tuseme basi kwamba mzee wa Goziba, asiyejua kuandika vizuri, anamwendea mwalimu wa shule ya kisiwani amwandikie wosia huo. Mwalimu anaandika habari za dagaa, na za masikio, na za taa. Kisha anafika penye jina, anainua kalamu na kuuliza: "Hapa tuandike lipi, mzee?"

Mzee anatazama nje. Kumekucha, na mitumbwi imekwisha kurudi yote.

"Mwenyewe yuko pale kwenye jiwe," anasema. "Tumngoje ashuke, umwulize."